Simu za Sare

Waridi aliigonga simu kwa ukucha, akaisogeza sikioni, akasikiliza. Hakuna aliyekuwa amempigia. Ndivyo tu alivyozoea kupima makaa: kipande cha mti mgumu ukikigonga kinalia, cha mti laini kinakaa kimya, na mnunuzi akishakipeleka nyumbani kinaisha kabla maharagwe hayajaiva. Simu ile nyeusi, nyembamba, yenye kioo mbele na kioo nyuma, haikutoa mlio wa kueleweka.

"Mama Shakila, hiyo haiko makala," alisema Onésime, mwenye kibanda cha simu pale Birere, akimaanisha makaa. "Ni tactile. Unagusa tu polepole."

Waridi akagusa. Simu haikushtuka. Akagusa tena, mara hii kwa kidole cha kati, kisha kwa kifundo cha kidole, na kioo kikaendelea kumtazama kana kwamba hajafika. Miaka ya kuuza makaa ilikuwa imevifanya vidole vyake vigumu kama soli ya kiatu, na weusi ulikuwa umejificha kwenye mikunjo ambako sabuni haifiki. Mwishowe akajaribu kidole chake kidogo, ambacho maishani mwake hakikuwahi kupewa kazi ya maana, na papo hapo ua la buluu likafunguka kwenye kioo. Alicheka kwa sauti, akaligusa tena ua lile, kisha akakumbuka kwamba amekuja kununua kwa shingo upande, akakunja uso.

Akamwuliza Onésime inaingia puce ngapi. Ndivyo wanavyoiita laini ya simu pale Goma. Onésime akasema moja. Batri inakaa siku ngapi? Onésime akakohoa, akasema siku moja, ikiwa mwenyewe haichezeichezei. Ina tochi? Onésime akasema ina picha nzuri sana.

Waridi akaitoa simu yake ya zamani, akaiweka mezani kando ya ile mpya. Aliiita Kitofali, na atakayeiona hatauliza kwa nini. Nene, ya kichina, ilifungwa mpira kiunoni ili mfuniko usidondoke, lakini iliingia laini mbili, ilimulika kama taa ya gari, na ukiichaji leo unaweza kusahau chaja iko wapi. Alizitazama zote mbili kwa muda mrefu. Alitaka kwa dhati kujua ni kitu gani hasa watu hupenda katika simu isiyojua kazi, na kwa nini mkono wake mwenyewe ulikuwa haujaiachia.

Balaa hili lililetwa na Farida, jirani yake na mkuu wa kikundi chao cha akina mama. Katika arusi za mtaa wao, akina mama wa kikundi huvaa kitambaa kimoja, na kilemba hufungwa namna moja. Safari hii, Shakila binti ya Waridi akiolewa, Farida alisimama kikaoni akasema kitambaa kimoja siku hizi hata wanafunzi wanavaa. Wanyooshe sare yao mpaka mkononi: kila mama ashike simu moja, modèle moja, rangi moja, iliyo kwenye mtindo. Wakashangilia, wakachangishana. Kila mmoja angejichukulia yake kwa Onésime. Waridi alikuwa mama wa bibi arusi. Angekuwaje yeye ndiye wa kuharibu safu?

Lakini kwake simu haikuwa pambo, na hapo ndipo palipokuwa na uzito. Miaka kumi nyuma, volkano ilipopasuka na moto ukateremka kupitia mjini, Waridi alikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, akiwa amemshika Shakila mkono na sufuria kichwani. Mume wake Mahamudi alikuwa Rutshuru na lori. Nyumba yao ikalala chini ya mawe, na kwa siku nyingi hakuna kati yao aliyejua kama mwenziwe yu hai. Waridi alishaanza kumwombea kama anavyoombewa maiti. Mahamudi alipompata hatimaye, katika uwanja wa shule uliojaa wakimbizi, aliketi chini akalia mbele za watu, na alipomaliza kulia akaapa kwamba hatampoteza hivyo tena.

Kiapo kile kikawa utaratibu wa nyumba. Kila kituo barabarani Mahamudi humbipu: anapiga, simu inalia, anakata kabla haijapokelewa, na hela haijatumika. Akibipu mara moja, maana yake nimefika hapa na ninapita. Akibipu mara mbili, nimekwama, nalala hapa. Ya mara tatu hawakuwahi kukubaliana maana yake, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Waridi alipika kwa kuzifuata bipu zile. Ya Kibumba, kituo cha mwisho kabla ya mji, ikishaingia, anainjika maji ya ugali.

Tena Kibumba palikuwa na mambo yake. Pale mpakani mtandao wa Kongo huja na kuondoka, ule wa Rwanda ndio unaoshika, na kubipu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine mara nyingi hakupiti. Kwa hiyo kila dereva na kila mke wa dereva alikuwa na laini mbili. Rutshuru na mjini alikuwa akimsikia kwa laini ya Kongo, Kibumba kwa laini ya Rwanda. Kitofali ilizibeba zote bila kunung'unika.

Alikuwa ameshaamua kuirudisha ile nyembamba, sare na iharibike, wakati Mahamudi aliporudi nyumbani bila simu, jioni moja siku mbili kabla ya arusi. Vijana wenye bunduki kwenye kizuizi, nje ya Rutshuru, walikuwa wameipenda, wakamwachia laini zake tu. Tangu waasi washike upande ule, simu iliyopendwa haikuombwa mara mbili. Na kesho yake alikuwa na safari nyingine, kuleta mchele na mbuzi wa arusi.

"Chukua Kitofali," Waridi alisema. "Ile hakuna mutu atakuibia."

"Na wewe utanisikia na nini?"

Waridi akamwonyesha kile kioo cheusi. Mahamudi akajitazama ndani yake, akanyoosha masharubu, akasema mabibi arusi mwaka huu ni wawili. Akachomeka laini zake kwenye Kitofali, akaifunga ule mpira, akaondoka alfajiri.

Siku ya arusi milio ya bunduki ilisikika tangu asubuhi upande wa kaskazini, mizito, ya mbali. Watu wa Goma wana masikio ya kazi hiyo. Walisimama, wakasikiliza, wakasema ni Kibumba, wakaendelea kupanga viti. Kuahirisha arusi kwa sababu ya vita, nani angeoa katika mji ule?

Waridi alikaa kitandani na nguo yake ya sare, laini mbili kiganjani, simu yenye nafasi moja mapajani. Aliiona dhahiri sura ya jambo alilofanyiwa na simu ile. Ilibidi achague sehemu ya barabara ambayo angemsubiri mume wake. Akiweka ya Kongo, Mahamudi angekuwa hai Rutshuru na bubu Kibumba. Mizinga ilipiga tena, akaiweka ya Rwanda. Ile nyingine akaifunga kwenye pembe ya kanga. Aliogopa, na alijikasirikia kwa kuogopa akiwa na hina mikononi.

Kisha wapishi wakamwita, makaa yamelowa. Mama wa bibi arusi, kilemba kichwani, akainama kwenye magunia yake ya uani akagonga vipande kimoja kimoja, akachagua vinavyolia. Akiwa bado kwenye kazi hiyo akaitoa simu kuangalia. Kidole gumba kikaacha alama yake nzima juu ya kioo, nyeusi, mistari yote ikionekana. Wiki nzima alikuwa akiifuta alama ile kwa pembe ya nguo, akiona haya. Safari hii hakuwa na nafasi. Aliirudisha mfukoni ilivyo.

Adhuhuri ilipofika, akina mama walitandika mikeka chumbani. Simu zote waliziweka kwenye sinia karibu na mlango, ili zisiwashughulishe katika sala. Zilipendeza kweli pale kwenye sinia, zimelala safu moja. Walipotoa salamu ya mwisho kila mmoja akapita akachukua yake. Waridi naye akachukua, akaishika kwa mikono miwili, akaenda kuketi kizingitini.

Aliketi pale muda mrefu. Simu haikulia. Kila mara aliiamsha kwa kidole kidogo, na ua la buluu likamwambia hakuna kitu. Shehe alikuwa amekwisha fika, bwana arusi pia, jasho likimtoka ndani ya kanzu. Hassani, mdogo wa Mahamudi, akaja akachuchumaa mbele yake. Akasema kwa upole kwamba shehe ana arusi nyingine, na watu wa mbali wanataka kuwahi kabla hali haijabadilika. Kaka alikwisha sema akichelewa, yeye Hassani asimame badala yake kumwoza mtoto.

"Akichelewa," Waridi alirudia. Neno lile lilimchoma. Kumwoza Shakila kwa mkono wa Hassani, hivi sasa, lilikuwa jambo halali na jepesi, lakini kwake lilikuwa sawa na kukiri lile alilokuwa hataki kulijua. Aliitazama simu tena. Mlango ulikuwa wazi, mwanga wa nje ukaanguka juu ya kioo, na kioo kilikuwa safi.

Kilikuwa safi kabisa. Hapakuwa na alama hata ndogo.

Akaigeuza, akaigeuza tena. Muda wote ule alikuwa amemsubiri mume wake kwenye simu ya mtu mwingine. Aliinuka ghafla mpaka Hassani akakaa kitako, akaingia chumbani, akawaambia akina mama watoe simu zao wazinyooshe kwenye mwanga. Wakadhani presha imempanda. Ya kwanza safi, ya pili ina mafuta ya pilau, ya tatu safi. Farida alikuwa akimfunga Shakila mkufu. Akasema yake imo kwenye mkoba, wala hakuna aliyempigia, ila namba moja ya Rwanda ilimbipu saa ile wakinyanyuka kwenye mikeka. Alifikiri ni wale wafanyabiashara wa vitenge wa Gisenyi, wanaomsumbua kila siku.

"Ilibipu mara ngapi?" Waridi aliuliza.

"Moja tu. Nilingojea ingine, haikukuja."

Waridi akaufungua mkoba mwenyewe. Alama ya kidole chake ilikuwa pale pale, imechakaa kidogo pembeni. Namba ilikuwa ya Mahamudi, ile ya Kibumba, na ilikuwa moja. Akaketi juu ya kitanda cha bibi arusi, juu ya nguo zilizopigwa pasi, akalia kama Mahamudi alivyolia Gisenyi. Shakila alimshika mabega bila kujua kama alie naye au acheke.

Farida alisimama na mkufu mkononi. Alimwuliza Waridi ile puce ingine iko wapi, na Waridi akaionyesha kwenye pembe ya kanga. Farida akaichukua simu yake mwenyewe, ile safi, akaing'oa mgongo kwa kucha zilizopakwa rangi, akatoa laini yake akaitupa ndani ya sidiria, akachomeka ile ya Waridi.

"Kwa kuingia muji atabipu huku," alisema. "Na kama wamemurudisha Kibumba, atabipu kule. Shika zote mbili, mama."

Mama mmoja akasema pale kwenye mikeka kwamba kumbe simu mbili za mtindo zinafanya kazi ya Kitofali kimoja. Wakacheka, hata Farida, tena kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu mizinga ilikuwa imesogea na kila mtu alikuwa ameisikia.

Waridi akatoka uani. Alimwambia Hassani amwombe shehe asubiri, baba mtoto amepita Kibumba. Hassani akauliza amepita saa ngapi, na tangu hapo mbona kimya. Waridi akasema hajui. Shehe akavua viatu vyake tena, akaegemea ukuta.

Barabarani watu walikuwa wameanza kushuka kutoka kaskazini, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Waridi aliketi juu ya jiwe jeusi la volkano lililokuwa kizingiti cha nyumba yake mpya, simu moja katika kila mkono. Zilikuwa sawasawa kwa kila kitu, na vioo vyote viwili vilikuwa vimezimika. Hakutaka kuzichanganya tena na za wenzake. Akapeleka kidole gumba kwenye gunia lililokuwa karibu naye, akakisugua kwenye makaa, kisha taratibu, kama mtu anayeweka sahihi, akakikandamiza juu ya pembe ya ile iliyokuwa safi. Safari hii ua la buluu likafunguka hata chini ya kidole chake kigumu.