Chakula cha Picha Bubu

"Nataka picha ambayo watu wake hawasemi," Mektilda alisema kabla hata hajakaa.

Shamila, aliyekuwa akiwapakia watu filamu kwenye flashi katika kibanda chake karibu na stendi, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Shikamoo, Mama Konso. Hawasemi kivipi? Wamenuniana?"

"Marahaba, mwanangu. Hawasemi kabisa. Midomo inacheza, sauti haitoki. Zile za zamani sana."

"Hizo haziulizwi na mtu siku hizi. Watu wanataka za Kikorea." Kisha Shamila akaiacha kompyuta. "Ni za mzee?"

"Za mzee."

Shamila hakutania tena. Hapakuwa na mtu wa mtaa wa Ipuli, hapo Tabora, asiyeijua sauti ya Lugembe, mume wa Mektilda. Miaka mingi alikuwa na ukumbi wa video, chumba kimoja chenye mabenchi na mablanketi madirishani, naye akisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwatafsiria watu. Kusema alitafsiri ni heshima tu tunampa. Kichina hakukijua hata salamu, Kihindi chake kiliishia kwenye majina ya vyakula, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Lakini watu walilia pale alipotaka walie. Wapanda farasi wa jangwani aliwatoa Bagamoyo, akawapitisha Kilimatinde, akawaingiza Tabora hoi bin taaban huku adui yao yuko Tura anakuja. Babu yake aliwahi kuipita njia hiyo ya misafara akiwa na mzigo kichwani, na kwa kuwa Lugembe hakuwa na njia nyingine aliyoisikia vizuri utotoni, dunia nzima ikasafiri humo humo.

Mektilda alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye masufuria. Kazi yake ilikuwa chakula cha picha. Siku ya picha ya Kihindi alipika chapati na dengu, siku ya Wachina alipika tambi, na siku ya wachunga ng'ombe wenye bastola ilikuwa maharage na nyama ya kuchoma. Wateja walikuwa wakali. Ukiwapa wali siku ambayo shujaa amekula mkate, walirudisha sahani. Lugembe mwenyewe hakuonja kitu mchana kutwa. Alikula mwisho, picha ikishaisha, kile kile walichokula watu wa kwenye picha, na alikula kama mtu aliyetembea nao.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akipiga mswaki. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukaenda upande, na maneno yakaondoka yote, makubwa kwa madogo. Daktari wa hospitali ya Kitete alimpima akasema koo linapitisha, ila chakula kisiwe maji matupu. Lugembe ndiye hakutaka. Kijiko cha kwanza kilipomwagika kidevuni mbele ya wageni, alifunga mdomo, na tangu hapo kuufungua ikawa vita. Alikonda mpaka pete ikawa inacheza kidoleni. Sasa daktari alikuwa amesema kwamba asipoanza kula, Jumatatu wamlete awekwe mpira wa kulishia, upite puani. Mektilda alikubali kwa kichwa. Njiani akirudi nyumbani aliogopa. Alimjua mume wake: mtu huyo akishawekewa mpira, mdomo ataufunga moja kwa moja.

Alikuwa amejaribu kumwashia televisheni. Mtu wa kwanza kwenye kioo alipofungua mdomo aseme, ulimi wa Lugembe ulianza kuhangaika ukitafuta cha kutafsiri, jasho likamtoka, halafu akageukia ukutani akalia. Ndiyo maana Mektilda alikuwa hapa akitafuta picha ya watu bubu. Wasiposema, aliwaza, mume wake hatadaiwa neno.

Shamila alipata moja. Wakaitazama pamoja, Mektilda akiwa ameinama kabisa kwenye kioo, maana yeye hakutafuta hadithi, alitafuta sufuria. Palikuwa na nchi ya baridi, mchimba madini mwenye taa kichwani, na mke wake aliyejifunga kitambaa. Mke alichemsha mfupa mkubwa, akakata kabichi, akakata viazi, akatoa mkate wa duara mweusi. Aliweka mabakuli mawili mezani. Hapo hapo umeme ukakatika.

"Tanesco hao," Shamila alisema. "Lakini usijali, mama, nilishaipakia yote."

"Inatosha. Chakula nimeshakiona."

Jumamosi alichemsha mfupa tangu asubuhi. Jirani yake Benedikta alikuja kumsaidia kukata kabichi, na wakabishana kuhusu rangi.

"Picha haina rangi, utajuaje supu yenyewe ilikuwa ya nyanya au nyeupe?" Benedikta aliuliza.

"Ilikuwa nzito. Hilo nililiona."

"Na mkate mweusi je? Labda uliungua."

"Mwanamke yule haunguzi mkate, nimemwona anavyoushika." Mektilda alikanda unga wa ngano akachanganya na wa ulezi ili upate weusi, akauweka kwenye sufuria, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko.

Binti yake Consolatha, aliyeolewa Ulyankulu, alifika na basi la asubuhi akamkuta mama yake amepiga magoti anapuliza makaa. Alimwamkia, akaingia kumwona baba yake, akatoka macho yakiwa mekundu.

"Mama, baba anahitaji hospitali, hahitaji sinema. Tusingoje Jumatatu. Mgonjwa haulizwi uji."

"Nani anamwuliza? Uji namletea, anaufungia mdomo. Niachie leo tu, Konso. Ikishindikana, nitambeba mwenyewe."

Walimweka Lugembe kwenye kiti chenye mikono, wakaziba dirisha kwa blanketi. Mektilda alitaka wawe wanne tu. Lakini Benedikta ni Benedikta. Siri kwake ni maji kwenye pakacha. Baada ya muda mfupi sebule ilijaa watu wa zamani wa ukumbi, wamekaa mkekani, wamekuja na vijiko vyao. Mektilda alitamani ardhi ipasuke. Lugembe aliwatazama, akauficha upande wa mdomo ulioanguka kwa kiganja cha kushoto.

Chakula kiligawiwa. Bakuli la Lugembe liliwekwa kwenye kigoda mbele yake, mkate umekatwa ukalowekwa. Hakuligusa. Picha ikaanza.

Mwanzoni ilikuwa kama Mektilda alivyomwomba Mungu. Watu walikula kimya. Lugembe hakutoka jasho, alitazama. Kisha kimya kile kikazidi. Watu wa kwenye picha walichezesha midomo, yakaja maandishi ya lugha ya mbali, yakaondoka, midomo ikacheza tena. Hapo Mektilda akaona kosa lake. Watu hawa hawakuwahi kutazama picha bila mtu wa kuwaambia. Mmoja alikohoa. Mwingine alimtazama Lugembe, akajuta, akatazama chini. Kila mtu mle ndani alikuwa anaisubiri sauti ile, na mwenyewe alilijua hilo. Kiganja kilizidi kukandamiza mdomo.

"Huyu bwana anasema nini?" Benedikta alinong'ona, maana hakuweza kujizuia.

"Anasema baridi imezidi," Mektilda alijibu.

Hakujua neno hilo limetoka wapi. Lakini miaka yote aliyokaa nyuma ya ukuta na mwiko alikuwa akisikiliza, na sasa wote wamegeuka wanamtazama yeye. Akaendelea. "Anaitwa Ngassa. Wamemtoa kwao Nzega kuja kuchimba. Mke wake huyu ni Advera. Anamwambia, mume wangu, wahi kurudi, nimepata mfupa."

"Ngassa mweupe namna ile!" mtu mmoja alisema, wakacheka. Lugembe aligeuza kichwa akamwangalia mke wake. Mektilda hakuweza kusoma uso ule. Huenda ulikuwa wa hasira.

Basi picha ikafika pale umeme ulipokatikia. Mabakuli mawili mezani. Baada ya hapo Mektilda alikuwa hajui kitu, sawa na wengine wote. Wanaume walikimbia. Wanawake wenye vitambaa walisimama kwenye geti la mgodi, theluji ikiwaangukia mabegani. Machela ikatolewa, imefunikwa. Yule mke akafunua, akafunika. Akarudi nyumbani, akakaa mbele ya supu.

Mektilda alilitazama bakuli lililokuwa juu ya kigoda. Kabichi ile ile, viazi vile vile, mkate mweusi. Alikuwa amempikia mume wake chakula cha msiba, na majirani wameshakusanyika.

"Siyo yeye," alisema haraka. "Huyo waliyembeba ni mwingine. Ngassa amechelewa tu. Treni imekwama Itigi."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa kushoto wa Lugembe ulipiga mkono wa kiti.

"Imekwama, injini imekufa, wanatengeneza. Atafika jioni. Ndiyo maana amemwekea—"

Lugembe akapiga tena, kwa nguvu, supu ikatikisika. Mektilda alinyanyuka kwenda kuzima televisheni. Alipopita mbele ya kiti alidakwa kanga, akavutwa. Mume wake alikuwa amemkazia macho. Ulimi ulikwenda juu, ukashuka, mate yakamtoka upande ule, naye hakuyafuta.

"A," alisema. "Ame."

Consolatha alisimama. "Baba!"

"Ame. Kufa."

Mektilda alimwelewa kuliko wote. Lugembe katika kazi yake alidanganya majina, alidanganya miji, aliwaozesha watu waliokuwa ndugu. Kifo peke yake hakukigusa. Mtu akifa kwenye picha, alishusha kipaza sauti, akakitangaza kama kilivyo, akasubiri. Alikuwa akisema watu wamelipa kulia, huwezi kuwaibia. Na sasa mke wake alikuwa anaharibu kazi, mbele ya watazamaji wake, kwa kumhurumia.

Mektilda aligeukia mkeka. Alijikaza, sauti ikawa inakatika hata hivyo. "Amekufa. Nimewadanganya. Ngassa amekufa mgodini, na huyu ni mjane."

Benedikta alivuta kanga akajifunika kichwa. "Pole, mama," alimwambia yule mwanamke wa kwenye kioo. "Pole sana." Wengine wakaitikia kwa sauti za chini, wakakaa vizuri, miguu wamekunja. Consolatha alilia bila kujificha, na mtu aliyekaa kando yake akampa pole naye, ingawa hakuna aliyeuliza ni ya nini. Kwenye picha majirani waliingia na mishumaa, wakamzunguka mjane, wakampa kijiko.

Msibani chakula hakikataliwi. Anayekikataa ndiye huulizwa alikuwa na nini na marehemu. Watu mkekani walirudi kwenye mabakuli yao taratibu, macho chini, kila mmoja na lake, maana msibani pia hakuna anayemtazama mwenzake anavyokula. Mkono wa kushoto wa Lugembe uliiachia kanga. Ukatafuta kigoda, ukalipata bakuli, ukashika kipande cha mkate uliolowa, ukakipeleka mdomoni. Nusu ilianguka kifuani. Nusu aliitafuna muda mrefu, akameza, akakohoa. Mektilda hakuthubutu kumpangusa. Lugembe akachukua cha pili mwenyewe. Cha tatu kilimponyoka, mkono ukachoka, ukalala mapajani.

Mektilda akapiga magoti kando ya kiti na kijiko. Picha ilikuwa bado inaendelea; mjane alikuwa amesimama mlangoni, anasema kitu kirefu kwa watu walio nje, na wote sebuleni walingoja kuambiwa ni nini. Lugembe alimtazama mjane yule. Halafu akafungua mdomo. Mektilda alikisimamisha kijiko hewani, mchuzi ukidondoka kidogo kidogo mkononi mwake, asijue kama amlishe au anyamaze amsikilize.