Aliyefunga Tumbo la Anjela

Mimba ya pili ya mwanangu Anjela ilifika miezi minane na mimi sijaitwa. Yeye yuko Mbeya mjini na mumewe, mimi niko hapa Chimala, ni gari moja tu na umefika. Lakini kwetu mama haendi tu kumwangalia binti yake mzazi, anaitwa. Simu ikilia nilikuwa nakimbia na mikono imejaa unga. Ni kaka yangu. Ni watu wa mtandao. Anjela kimya.

Moyoni nilijua kwa nini siitwi. Nitalisema hapa kama lilivyo, maana kwa miaka mitatu nimelisema kama lisivyo.

Mimi Nyamizi nimezaa watano. Mama yangu alifariki kabla sijaolewa, na tulipohamia Usangu na ng'ombe wetu kutoka Usukumani sikuwa na shangazi wala dada wa kunifunga tumbo. Nilikuwa nikijifungua, siku chache tu niko kwenye mpunga. Tumbo likalegea likabaki hivyo, ngozi inaning'inia. Siku moja mume wangu Isaka akaniuliza mbele ya shemeji zangu kama humo kuna wa sita. Watu wakacheka, nami nikacheka. Mwaka uliofuata akaoa mwanamke mwingine. Jamani, labda hayo mawili hayahusiani. Mimi niliyahusisha, nikaapa kwamba binti yangu hayatampata.

Kwa hiyo Anjela alipojifungua mtoto wa kwanza, Sarah, nilifika na vitenge viwili vipya, vile vizito. Kumbe alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Halikunitisha hilo. Tumbo ni tumbo, nilijisemea. Siku ya sita, akiwa ameshatoka hospitali, nikamwambia alale chali.

"Mama, nesi amekataza," akasema. "Nisifunge kitu juu ya mshono mpaka waniangalie tena."

Akanieleza na mengine: kwamba kizazi hurudi chenyewe, kwamba ngozi inataka miezi, na ya wengine hairudi yote na si ugonjwa. Akasema akishapona kuna mazoezi ya taratibu ya kukaza misuli, na mkanda mtu akiutaka anamuuliza daktari kwanza. Alieleza vizuri, Anjela ni mwalimu. Mimi nikamuuliza huyo nesi kazaa wangapi.

Mumewe, Sosthenes, alikuwepo nesi alipokuwa akisema. Lakini mkwe ataanzia wapi kuongea na mama mkwe wake habari za tumbo la binti yake? Huyu ni mtoto wa Kalinga wa Nyololo, kalelewa akaleleka, ananiamkia ameinama na haketi nilipoketi mimi. Alikuja akasimama nje ya mlango wa chumba, akakohoa. Akasema shikamoo mama, samahani, kuna karatasi ya hospitali hapa. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia aiweke mezani. Akaiweka, akabaki amesimama, halafu akaenda zake. Nilijua kabisa alichotaka kusema. Nilijua pia kwamba heshima haimruhusu, na nikaitumia hiyo heshima yake.

Nikafunga. Asubuhi na jioni, mguu nimeukaza kwenye ubao wa kitanda ili nivute vizuri. Anjela alikuwa anauma shuka. Nikamwambia avumilie, atanishukuru siku atakapovaa gauni. Siku ya nne ya kumfunga kitenge kilitoka kimelowa maji yenye harufu. Nikasema ni uchafu unatoka, nikachukua kitenge cha pili. Siku ya tano akaamka anatetemeka kwa homa, hata mtoto hawezi kumshika, na Sosthenes akaita bajaji bila kunitazama.

Daktari alipofungua, mshono ulikuwa umeachia na ndani kuna usaha. Akauliza kwa ukali ni nani aliyemfunga hivi. Mimi nilikuwa hapo hapo pembeni, Sarah mgongoni. Anjela akanitazama. Alinisubiri niseme, nakwambia, alinisubiri kabisa. Halafu akasema, "Mimi mwenyewe."

Daktari akamfokea mbele ya wodi nzima. Mwalimu mzima, unajibana na vitenge juu ya kidonda. Anjela akageuzia uso ukutani. Mimi nikawa nambembeleza mtoto ambaye hata halii.

Wiki tatu alilala pale. Wakamsafisha kila siku, wakaja wakamshona upya. Niliporudi Chimala watu wakauliza mgonjwa kapatwa na nini, nikasema alinyanyua ndoo ya maji, watoto wa siku hizi hawasikii. Nililisema mpaka nikalizoea. Shangazi zake wakampigia simu mmoja mmoja kumkanya juu ya hiyo ndoo, naye akawaitikia wote. Hakunigombeza hata siku moja. Alianza tu kunipigia kwa nadra, hujambo mama, Sarah hajambo, haya kwaheri. Nikamtumia mchele, nikamtumia kuku, tena majogoo. Nilitaka aelewe kwamba ndiyo samahani yenyewe. Mzazi kumwomba mtoto wake msamaha kwa mdomo, mimi sikuwahi kuliona kwetu.

Basi, simu haikuja, nikapanda gari nikaenda bila kuitwa. Nikamkuta jikoni Apolonia, Mama Kalinga, mama yake Sosthenes, kaja juzi kutoka Nyololo, anachambua mchele kwenye ungo na Sarah mapajani. Yeye ndiye aliyeitwa. Akanisalimia kamwene, salamu ya kwao, akanipa kiti, akaniletea chai. Nilikaribishwa kama mgeni nyumbani kwa mwanangu mwenyewe, na ningekuwa peke yangu ule ungo ningeupindua. Niliona wivu. Apolonia hakuwa na kosa lolote, na hilo lilinikera zaidi.

Kesho yake Anjela alikuwa na kliniki. Nikasema nitamsindikiza. Hakukataa, hakukubali, akachukua pochi yake tukaenda.

Nesi alimlaza, akainua gauni. Tangu wodini sikuwahi kuliona tumbo lile. Kovu lilikuwa pana kama vidole viwili, limevutika upande, na juu yake ngozi imejikunja ikashikamana, hata mimba haikuweza kuinyoosha. Nilimfunga nikiogopa asije akawa na tumbo kama langu. Langu lina afadhali mara kumi.

Nesi akafunua faili, akasoma, akatikisa kichwa. Akamwambia Anjela kwamba safari hii pia ni upasuaji, na kwamba humu imeandikwa alijifunga mwenyewe mpaka mshono ukaachia, asije akarudia ujinga ule. Anjela akasema ndiyo, hatarudia. Alivyolisema, nikajua ameshalisema mara nyingi. Kila anayelifungua faili lile anamsema, naye anaitikia, na nyumbani ananipigia kuniambia Sarah hajambo.

"Ni mimi niliyemfunga," nikasema. "Alinikataza. Nilimsikia, nikafunga. Na hakunyanyua ndoo yoyote."

Habari za ndoo nesi hakuzielewa. Anjela alizielewa. Alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Nesi akatutazama sote wawili, akachukua kalamu, akakata mstari mmoja kwenye faili na kuandika mwingine.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la nje. Nilimwambia nisamehe mwanangu, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama si wa kwangu. Akasema amenisamehe siku nyingi, ila alikuwa anasubiri nilitaje mwenyewe.

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Hapo hapo nikaanza kupanga kwa sauti: kesho narudi Chimala, nachukua nguo zangu, namwachia kaka yangu kuku, kabla ya tarehe ya upasuaji niko Mbeya. Nilikuwa bado napanga aliposhika mkono wangu.

"Hapana, Mama," akasema. "Mama Kalinga ndiye atakayeniuguza. Wewe utakuja nikishapona."

Nikasema lakini umenisamehe. Akasema ndiyo, nimekusamehe, na bado ninaogopa mikono yako.

Mimi huwa sikosi la kujibu. Siku ile nilikuwa nalo, na niliona anavyonitazama akilisubiri. Nikamwambia sawa, mwanangu.

Amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume. Sosthenes amenitumia picha kwenye simu, na Apolonia ndiye aliyembeba. Wanaoniuliza mbona binti yako kajifungua nawe uko hapa, nawaambia nimekatazwa, kisha nakaa nao chini nawaeleza kwa nini.