Fulana za Tavarius

Jumamosi ya pili ya Julai, ndugu wa marehemu Tavarius Pruitt walikusanyika uani kwa mama yake, magharibi mwa Atlanta, kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Angetimiza miaka ishirini na minne. Kama ilivyo ada, kila mtu alivaa fulana nyeupe yenye picha ya uso wake, na tarehe mbili chini, ya kuzaliwa na ya kufa. Kulikuwa na kambare wa kukaanga, mbavu na makaroni ya jibini, na joto la kumtoa mtu pumzi.

Binamu yake Kendrell, ambaye wimbo wake ulikuwa ukitikisa vioo vya magari kuanzia Georgia hadi Japani, alikaa pembeni na sahani yake. Shemeji mmoja akafungua buti la gari lililojaa spika, akauweka wimbo huohuo. Besi ilipoanza kugonga, nyuso zote kwenye fulana zikafungua midomo, zikaimba. Hakuna aliyeacha kula.

Ziliimba bila kukosea neno. Kile kikohozi kifupi cha kati ya mistari, ambacho siku hizi kila kijana anayerap anakiiga, zilikikohoa kabla ya spika.

"Kakushinda, Ken," mjomba Otis alisema huku akigeuza mbavu. "Na kafa."

Watu wakacheka. Kendrell akaifunika fulana yake kwa sahani, lakini mdomo uliendelea kumchezea kifuani. Aibu ikamjaa. Wimbo ule Tavarius aliurekodi kwenye simu yake, ndani ya kabati la nguo, wiki mbili kabla pumu haijamuua hospitalini. Simu hiyo Kendrell aliichukua siku ya mazishi. Kukohoa alijifunza mbele ya kioo, maana yeye hana pumu.

Anti Lorraine, mama wa marehemu, akavuta kiti.

"Mwanangu, huu wimbo si umetoka tumeshamzika?"

"Ndio, Anti."

"Sasa yeye kaujulia wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua. Kendrell aliona kabisa kwamba hapo ndipo pa kusema ukweli, na kwamba huenda hapatapatikana pengine.

"Nilimwimbia hospitalini," akasema. "Akaushika."

"Na kikohozi ulikiweka kwa ajili yake?"

"Ndio, Anti."

Anti Lorraine akambusu kwenye paji la uso, akazunguka meza zote akiwasimulia watu. Nyuso ziliimba hadi mwisho. Kisha akarudi kumwongezea kambare.

"Mwakani mfundishe mwingine. Huu keshaujua."

"Sawa, Anti."

Kwenye ile simu zilikuwa zimebaki nyimbo sita.