Nati ya Gari la Wagonjwa

Sesilia alibonyeza mkanda mpya kwa kidole gumba, ukazama kiasi cha upana wa kidole, akaridhika. Alishika kichwa cha bolti kwa spana moja ili kisizunguke, na kwa nyingine akakaza nati ya alteneta juu ya washa yake, kile kisahani cha chuma kinachoisaidia nati ishike, mpaka ikagoma. Hakuongeza nguvu. Nati ikizidishiwa hula nyuzi zake. Ikipunguziwa, mkanda hulegea na betri hufa njiani.

Gari lilikuwa la wagonjwa, mali ya kituo kidogo cha afya kwenye barabara ya Mikumi kwenda Kilosa. Nyuma yake dereva, Ditram, alianza kupakia magunia ya mchele. Gunia la kwanza lilipotua, nati ikaanza kujifungua yenyewe, taratibu, uzi baada ya uzi.

"Imeona mchele," Ditram alisema. "Juzi iliona mkaa, nikalala porini."

"Lishushe."

Gunia likashushwa. Nati ikatulia, na Sesilia akaikaza upya.

Kwenye benchi la barazani alikaa Nailantei, mama mfugaji aliyebanwa na ng'ombe zizini. Mkono wake wa kushoto ulifungwa kwenye ubao. Alitakiwa kufika hospitali, Kilosa, siku hiyohiyo. Mfupa usiponyooshwa mapema ungeunga hivyohivyo ulivyo, kombo.

Mganga mfawidhi, Daktari Cleopa, alitoka ofisini. Mchele ulikuwa wake, na hoteli moja ya Mikumi ilikuwa inausubiri. Alipoelezwa habari ya nati, aliuliza kama dukani hakuna za aina nyingine.

"Tumeshajaribu, daktari," Sesilia alisema. "Zote ziko hivi. Akiwemo mgonjwa, inakaa."

Daktari alifikiri. Aliamuru magunia yapakiwe, akavua koti, akapanda, akalala kwenye machela, akajifunika shuka na kukohoa. Nati ilijifungua yote, ikaanguka chini ya gari.

"Kohoa kwa uchungu kidogo, daktari," Nailantei alimshauri kutoka kwenye benchi. "Hicho ni kikohozi cha vumbi."

Magunia yaliposhushwa tena, Sesilia aliiokota nati, akaifuta, akaianza kwa vidole ili isishike nyuzi vibaya, ndipo akaweka spana.

"Shikamoo, mama," Cleopa alisema akishuka. Hakuwa amemsalimia tangu asubuhi.

"Marahaba."

"Panda, safari imepatikana."

Nailantei alilazwa kwenye machela, magunia yakapangwa pande zote. Nati haikusogea. Ditram aliwasha gari, na taa ya chaji kwenye dashibodi ikazimika kama inavyotakiwa. Getini alikata kushoto.

"Wewe kijana, Kilosa ni kulia!"

"Tunaanzia Mikumi, mama."

Nailantei alitazama magunia. "Kwa hiyo mimi ndiyo washa," alisema.

Walirudi jua linazama. Mchele ulikuwa umefika salama, na gari lilikuwa limeleta kreti za soda kwa ajili ya duka la mke wa daktari. Mkono wa Nailantei ulikuwa umevimba mpaka vidoleni.

"Sasa Kilosa," alisema.

"Mafuta ya leo yameisha," Cleopa alimjibu kwa upole. "Yametumika kubebea mgonjwa." Hilo lilikuwa kweli. Aliagiza apewe kitanda cha dirishani na chai ya maziwa, kwa kuwa kesho kulikuwa na magunia mengine, na kituoni hakukuwa na mgonjwa wa kweli zaidi yake.

Sesilia alikuwa ameinama kwenye injini. "Daktari, mkono wa mama utaunga vibaya."

"Ukiunga, itabidi tutafute mgonjwa mwingine," Cleopa alisema, akaenda kuhesabu kreti.

Mkanda ulikuwa umerefuka kidogo kwa safari, kama mikanda yote mipya. Ilibidi nati ilegezwe, mkanda uvutwe tena, nati ikazwe. Sesilia alipokwisha kuilegeza, giza lilikuwa limeingia kwenye boneti.

"Fundi," Nailantei aliita dirishani, "umeshaikaza?"

"Bado, mama. Asubuhi."

"Ikaze vizuri. Leo wameniacha nje kwenye jua. Kesho nataka niione hiyo hoteli kwa ndani."

Sesilia aliizungusha nati kwa vidole hadi ilipogusa washa, akaiacha hapo, akafunga boneti. Kazi ya spana ingefanyika kesho, kabla ya kupakia.