Ndege Aliyemngoja Baba

Kwetu Lingeka msichana hapigi mluzi. Bibi yangu Ng'washi anasema mluzi wa msichana huita nyoka na hufukuza wachumba, na nikimtazama anavyolisema hilo, nadhani la wachumba ndilo linalomuuma zaidi. Mimi nilijua kupiga mluzi tangu darasa la nne. Nilijifunzia nyuma ya baba, nikimfuata kwa siri anapoingia porini, nikijibanza kwenye mtama kama mwizi. Sikuwahi kumwambia mtu, maana nayapenda maisha yangu.

Baba yangu, Ngassa, ni mrina asali. Hahangaiki kutafuta nyuki, anamwita ndege. Anapiga mluzi, mara tatu kupanda, kisha mmoja mrefu unaoshuka ukitetemeka, na ndege mdogo wa rangi ya vumbi anakuja kumwonyesha nyuki walipo. Baba anapasua mti, anachukua asali, anamwachia ndege nta. Hakuna aliyemfuga ndege huyo. Nilikua nikidhani kila baba duniani ana ndege wake.

Mwezi wa nne kiharusi kikampiga. Alipotoka hospitali mguu ulikuwa unaburuta, lakini unakwenda. Mdomo ndio uliogoma, umepinda upande. Siku ya kwanza nyumbani alijikongoja hadi mwisho wa shamba, akakunja midomo, ikatoka pumzi tupu kama pancha ya baiskeli. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Kisha akarudi, akakaa kitandani, akasema kwa taabu kwamba ndege hawatamjua tena. Tangu hapo hakuvuka ua wetu wa minyaa, na chakula alikuwa akikirudisha. Niliporudi likizo ya Juni kutoka shule ya bweni, bibi alinivuta pembeni akaniambia waziwazi kuwa mtu anaweza kufa kwa kukata tamaa, amewahi kuona, na kwamba mwanawe ameanza. Niliogopa mno.

Kaka yangu Masele alikuja na bodaboda yake kutoka Bariadi, akajitolea kuita ndege kwa niaba ya baba. Alipiga mluzi wa bongofleva mpaka ng'ombe wakamgeukia. Ndege hata unyoya. Tumezoea kusema jogoo la shamba haliwiki mjini. Siku hiyo nilijua kuwa la mjini nalo haliwiki shamba.

Mimi nilikuwa nakumbuka alichotufundisha Madamu Benedikta, mwalimu wetu wa baiolojia. Alisema ndege huyo, ambaye vitabu humwita kiongozi, hutaga yai kwenye kiota cha ndege wengine na kwenda zake. Kifaranga halelewi na mama yake. Hakuna ndugu yake wa kumfundisha kazi, na bado akikua anajua kumwongoza binadamu hadi kwenye asali. Tena watafiti wamegundua kuwa ndege wa sehemu fulani huitikia zaidi mlio wa wenyeji wa hapo kuliko wa watu wa mbali. Nikauliza, sasa nani kawafundisha? Madamu akasema sehemu ya jibu bado haijulikani, hata kwa wenye vyeti. Mwili ulinisisimka. Jambo ambalo wasomi wa dunia wanalitafuta lilikuwa likipita shambani kwetu kila msimu, na sisi tukiendelea kuchuma pamba.

Asubuhi moja nikamwomba baba twende tukaione pamba. Alikataa, nikang'ang'ana, akaja ili ninyamaze. Tulipofika mwisho wa shamba nilimgeuzia mgongo nisione uso wake. Nikapiga. Mara tatu kupanda, mmoja mrefu kushuka.

Nilisikia fimbo yake ikichimba ardhi.

"Joyness, nani kakufundisha?"

"Wewe, baba."

Nilikuwa nangoja matusi, au fimbo yenyewe, na badala yake ukaja mlio kutoka kwenye mgunga mbele yetu, kama kiberiti kinachotikiswa. Ndege wa rangi ya vumbi alikuwa kwenye tawi, anatugombeza utadhani tumemchelewesha. Akaruka, manyoya meupe ya mkia yakaonekana, akatua mti wa pili.

Tukamfuata, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hata leo nikilisimulia sauti yangu inabadilika. Baba alikuwa akienda hatua kumi, anapumzika. Ndege anaruka mbele, anaona hatuji, anarudi. Anakaa tawi la karibu, anatikisa kiberiti chake, anangoja. Kiumbe chenye uzito wa yai la kuku, ambacho hakikulelewa na mama wala kufugwa na mtu, kilikuwa kinamngoja baba yangu. Baba alitembea huku analia na hakufuta machozi. Mimi pia.

Ndege alinyamaza kwenye mti mmoja mkubwa wenye ufa. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, juu kidogo ya kichwa changu. Na sisi hatukuwa na shoka wala moto, kwa sababu mimi mwenyewe sikuamini kama angekuja. Nilimwambia baba hivyo, kwa aibu. Akasema tutarudi jioni, Masele abebe shoka, na safari hii ndege tutamwachia kipande kikubwa cha nta. Tangu augue sikuwa nimemsikia akitaja jioni wala kesho.

Kisha akachomoa kisu kiunoni akanipa. Warina asali wa kwetu, mtu akipata mti wenye nyuki huchanja alama yake kwenye gome, na mwingine hataugusa. Ya baba naijua: mikato miwili ya kusimama na mmoja wa kulala. Nikainua kisu ili niichanje.

"Siyo hiyo," akasema. Alikunja uso, akalitafuta kila neno. "Kaitika mluzi wako, mayu. Weka yako."

Mayu, yaani mama, ndivyo alivyokuwa akiniita kabla ya ugonjwa. Lakini alama sikuwa nayo. Hakuna msichana wa kwetu aliyewahi kuihitaji. Nikasimama na kisu mkononi, nikifikiri, na baba akajishusha polepole akakaa kwenye majani, akasema hana haraka.