Amri ya Kabla ya Alfajiri

Mwalimu Matej Hudák hakuwa na farasi, hakuwa na askari, hakuwa na mke wa kumkanya, na tangu kipindupindu kiingie kijijini, kiangazi kile cha 1831, hakuwa na jirani wa kumwamkia. Alichokuwa nacho ni gunia la unga mweupe na amri ya jimbo la Zemplín, iliyoandikwa Kilatini: autie unga ule kisimani.

Alikuta wanawake wamekwisha kukizunguka kisima. Mbele alisimama Zuzana Hricová, aliyemzika mumewe Ijumaa.

"Nini hiyo, mwalimu?"

"Dawa, mama. Inaua sumu ya maji."

"Kumbe sumu imo. Kaitia nani?"

Matej akajiuma ulimi. Neno likishatoka halirudi.

"Tusomee hiyo karatasi," alisema Zuzana. "Kwa lugha yetu. Hicho cha mapadri tumekisikia vya kutosha makaburini."

Akasoma, akifasiri, mpaka akafika mstari wa mwisho. Angeweza kuuruka, nani angejua? Lakini macho yote yalikuwa mdomoni mwake.

"'Utiwe kabla ya alfajiri,'" alisema, "'watu wasijue.'"

"Mwenye heri haji kwa kunyata," alisema bibi mmoja. "Mabwana wenye mashamba wanatuua tupungue."

"Na wewe mbona umekuja jua limetoka?" aliuliza Zuzana.

"Niliona haya kunyatia kisima ninachonywea."

"Basi kunywa."

Matej akatia chembe katika ndoo ya maji, akakoroga, akanywa kikombe kizima. Kilimchoma koo. Wakamketisha ukingoni, mmoja ameshika jembe. Adhuhuri tumbo lilimnguruma. Wote wakainama kusikiliza.

"Njaa," alisema Matej.

"Bado sijakuamini," alisema Zuzana. "Ila nimebakiwa na watoto wawili, na kisima ni hiki kimoja. Kipimo nitashika mimi. Wewe kaa pembeni."

Akapima mwenyewe, kila mtu akiona.

Jioni Matej aliwaandikia wakubwa wa jimbo: unga umetiwa mchana, kwa mkono wa mjane, amri ijayo ije kwa lugha ya watu, isiyo na neno la kujificha, la sivyo watafute mwalimu mwingine. Alijua huenda wakamtafuta huyo mwingine kweli. Akadondosha nta, akagandamiza muhuri, akaipeleka barua kwenye kizuizi cha karantini barabarani. Mlinzi aliipokea kwa koleo, akainyunyizia siki ya kuua ugonjwa, akaituma.