Ukurasa Wenye Mtoto Ndani

Viti vya chumba cha watoto wa miaka mitatu vilitengenezwa kwa ajili ya makalio ya miaka mitatu, na Shangazi alikuwa na miaka arobaini na tisa na nyonga isiyotaka mzaha. Akiketi, magoti yanamfika kifuani. Akitaka kuinuka, ashike meza, na meza nayo fupi. Hilo alilivumilia. Kilichompandisha mori ni maneno aliyoambiwa tangu asubuhi hadi saa ya kwenda nyumbani, miezi kumi mfululizo.

"Mikono nyuma, Shangazi."

Aliyeyasema ni mwalimu wa chumba hicho, binti wa miaka ishirini na sita, hajaolewa, hajazaa, mwenye sauti ya upole ambayo isingepanda hata paa likishika moto. Shangazi alikuwa mwanagenzi wake, yaani anajifunza ualimu wa chekechea huku akiifanya kazi yenyewe. Mama aliyelea wanne wa tumboni mwake na wawili wa marehemu dada yake, wote wakakua na akili zao timamu, leo anafundishwa na binti huyu namna ya kukaa na mtoto! Na somo lenyewe ni lipi? Asimguse.

Ndivyo kanuni ya shule ile ilivyokuwa. Mtoto akihangaika na kifungo, mlezi asimrukie. Aweke mikono nyuma, ahesabu kimoyomoyo hadi ishirini, atazame. Mtoto akikwama kabisa, asaidiwe kidogo tu, pale alipokwama. Shangazi alihesabu. Akifika saba, mikono yake ilikuwa imeshafunga kifungo, imeshafuta kamasi, na imeshanyoosha kola juu yake.

"Umefika ngapi?" mwalimu angemuuliza.

"Ishirini."

"Shangazi."

"Haya, saba. Mwanangu, mtoto anahangaika, mimi nimesimama kama askari wa gwaride. Kweli hiyo ndiyo elimu?"

"Hahangaiki. Anafanya kazi."

Kazi! Shangazi alimeza jibu lake. Akiwa na adabu alimwita binti yule Mwalimu, akikasirika alimwita mwanangu, na siku hizo neno Mwalimu lilikuwa limeadimika.

Asingekuwa anakihitaji cheti, angeshawaachia viti vyao. Lakini alikihitaji. Miaka tisa alikuwa mfagiaji wa shule hiyohiyo, na aproni ya bluu na ndoo ya magurudumu, na miaka yote hiyo watoto waliwatoroka walimu wao wakamfuata hadi stoo na kamasi zao na kamba za viatu zilizofunguka. Ndipo mkuu wa shule alipomwambia ajiandikishe mafunzo. Siku alipovaa aproni ya kijani ya walimu alijitazama kwenye kioo cha choo cha watoto, ameinama, mpaka mgongo ukamuuma. Mwezi wa tano mkaguzi wa mafunzo alikuja kumpima, na Shangazi akamwonyesha kazi: kwa nusu saa aliwavisha, akawalisha, akawafuta na kuwapanga watoto kumi na wanne, wala hakuna aliyelia. Akangoja sifa. Akaangushwa. Sasa ilibaki mara moja tu. Akianguka tena, mafunzo yamekwisha, na anarudi kwenye ndoo mbele ya watu walewale waliompa hongera.

Kipimo cha mara ya pili kilikuja na daftari. Mwanagenzi achague mtoto mmoja, amtazame wiki sita, aandike kila siku alichokiona. Alichokiona tu. Hairuhusiwi kuandika kwamba mtoto ni mkorofi, mvivu au mtamu. Andika amefanya nini. Shangazi alimchagua Bosi.

Bosi hakuwa na ukubwa wowote zaidi ya hilo jina la utani. Alikuwa na miaka mitatu na nusu na mashavu ya kuvimba, na jina alilipata kwa tabia moja. Chumbani watoto walicheza na soksi tu. Saa ya kutoka nje, wenzake wakigombania viatu kwenye rafu, yeye huketi kwenye mkeka, akanyoosha mguu wa kulia, akatulia. Hasemi kitu. Halii. Anangoja tu kiatu kije. Na kiatu kilikuja, kwa sababu Shangazi alikileta. Kwao kulikuwa na bibi, mama na dada wawili wakubwa, na kwa ushahidi wa mguu ule, wote walikuwa na mikono myepesi. Shangazi alimpenda kupita kiasi, na hakuona sababu ya kuficha.

Siku ya kipimo, mkaguzi aliingia watoto wakiwa bado wanakunywa maziwa. Alikuwa mwanamke mkavu, miwani inaning'inia shingoni, chai alikataa. Aliomba daftari kwanza. Akaketi kwenye kiti kifupi bila kulalamika, jambo lililomuudhi Shangazi, akasoma kurasa zote. Shangazi alifuta meza ileile mara tatu.

"Mama, njoo," mkaguzi akasema. "Nimesoma habari za mtu mchapakazi kwelikweli."

Moyo wa Shangazi ukapoa. "Asante."

"Anavisha, analisha, ananawisha, anabembeleza. Hebu nisomee hapa."

Shangazi akasoma kwa sauti maandishi yake mwenyewe. Jumatatu: nilimvalisha Bosi viatu, akafurahi. Jumanne: nilimmenyea yai, akala lote. Jumatano: nilimuuliza kama anataka kwenda chooni, nikampeleka. Alhamisi: hakutaka kuchora, nikamshika mkono, tukachora nyumba nzuri.

"Yeye yuko wapi?" mkaguzi akauliza.

"Nani?"

"Mtoto. Wiki sita nimemwona akifurahi na nimemwona akila. Wewe nimekujua vizuri sana. Yeye simjui."

Shangazi akalichukua daftari akapekua, kwanza taratibu, kisha harakaharaka, akitafuta siku hata moja ambayo Bosi alifanya jambo. Kurasa thelathini. Damu ikampanda usoni. Aliambiwa aandike habari za mtoto, akaandika za mikono yake. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alijitahidi: hati nzuri, mistari ya rula, tarehe kwa kalamu nyekundu.

"Nimeanguka?"

"Bado. Saa nne wanatoka nje. Nataka ukurasa mmoja wenye mtoto ndani. Huo ndio nitakaoupima."

Mwalimu, aliyekuwa anaosha brashi za rangi kwenye sinki, alisikia yote, akaendelea kuosha. Shangazi alitamani angalau aseme yale maneno yake, apate wa kumkasirikia.

Saa nne kengele ikalia na rafu ikavamiwa. Bosi akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mguu. Shangazi akaketi mbele yake, daftari gotini, kalamu mkono wa kulia. Mkono wa kushoto akaukalia.

Moja, mbili, tatu. Bosi alitazama mguu wake. Akamtazama Shangazi. Akautikisa mguu kidogo, labda haukuonekana. Shangazi akaandika: amenyoosha mguu, ameutikisa. Akafika ishirini. Hakuna kilichotokea, na miezi yote hiyo hakuna aliyemfundisha cha kuhesabu baada ya ishirini, basi akaanza upya.

Watoto wengine wakatoka na kelele zao. Chumba kikapoa. Midomo ya Bosi ikaanza kucheza, kisha machozi yakaja, makubwa, ya kimya, mojamoja. Shangazi akahisi mikono inamuwasha kama iliyoshika pilipili. Alimchukia mkaguzi. Alimchukia binti wa brashi. Aliichukia kalamu. Kiatu kilikuwa hatua tatu kutoka hapo! Angekichukua, angemvalisha, angemfuta machozi, kila mtu angeendelea na maisha yake, na nani angekufa?

Mpishi wa shule alikuwa anapita na trei ya vikombe vitupu. Akasimama.

"Jamani! Mtoto wa watu analia na wewe unaandika?" Akaweka trei, akainama kuchukua kiatu.

"Usimguse!" Shangazi akafoka. "Anafanya kazi!"

Akasikia alichokisema, akatamani kujizaba kofi. Kule kwenye sinki binti akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mpishi akaondoka akinung'unika kwamba vyeti vinaharibu watu. Bosi naye, kwa mshtuko, akaacha kulia. Akaangaza huku na huku akitafuta mtumishi mwingine. Wakati huohuo msichana mmoja wa darasa lake, mwenye mikia miwili ya nywele, akarudi kuchukua kofia aliyoisahau. Bosi akageuka mzimamzima na kumnyooshea yeye mguu.

Msichana akautazama. "Mimi siyo mama yako," akasema, akaenda zake.

Shangazi akaliandika neno kwa neno, huku ameuma midomo asicheke.

Bosi akaurudisha mguu. Akaushika kwa mikono miwili, akautafakari. Kisha akashusha pumzi ndefu ya mzee aliyekimbiwa na wafanyakazi wote kwa siku moja, akatambaa kwa magoti hadi kwenye rafu. Akatoa kiatu. Akakinusa, akakirudisha, hakikuwa chake. Akatoa vyake. Akaanza kuingiza kisigino kwanza. Mkanda wa kunata ukashika soksi, akaubandua, ukanata kwenye mkeka.

"Wewe, ingia!" akakiambia kiatu. "Nitakuacha hapa. Nitakuacha, mimi naenda. Haya, kisigino, usinichezee, nimechoka mimi."

Kalamu ya Shangazi ikasimama. Maneno mangapi hayo? Na kwa sauti ya bibi mtu mzima, tena bibi mkali! Wiki sita alidhani mtoto huyu ni mkimya wa kuzaliwa. Akakumbuka namna alivyokuwa akimuuliza unataka maziwa au maji, kisha yeye mwenyewe akajibu maziwa, eh, maziwa. Akaona aibu, akaendelea kuandika kwa kasi, hati ikaharibika, rula ikaanguka chini na hakuiokota.

Ilichukua dakika kumi na nane. Kiatu cha kulia kilikuwa mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia. Bosi akasimama, akajitazama chini, akakanyaga mara mbili kupima. Shangazi akaiweka kalamu na kuandaa uso wake, maana sasa atamjia, atamwonyesha, naye atampongeza.

Bosi akampita mbio. "Nimevaa!" akapiga kelele, lakini aliwapigia walioko nje. Hakugeuka.

Mkaguzi akazisoma kurasa mbili zilizochafuka, mstari kwa mstari.

"Viatu vimepishana," akasema.

"Nimeviona."

"Ukafanya nini?"

"Nimeandika."

Mkaguzi akaweka sahihi, akampa mkono. "Hongera, Mwalimu."

Mkuu wa shule akaitwa, mpishi akarudi na kusahau ugomvi wake, watu wakapiga makofi, na Shangazi akaangua kilio mpaka akatafuta cha kushikilia. Furaha hiyo, mpishi akatangaza. Ni kweli ilikuwa furaha, lakini nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa nje ya dirisha, inakimbia na viatu vilivyopishana. Ikajikwaa, ikaanguka kifudifudi. Shangazi akashtuka kutaka kutoka. Bosi akainuka, akakagua goti lake, akalipangusa mchanga, akaendelea na mbio. Miaka tisa watoto walimkimbilia yeye. Sasa ana cheti, na kazi aliyopewa kwa cheti hicho ni kuhakikisha hawamkimbilii.

Wengine walipotawanyika, binti akaja kusimama naye dirishani.

"Hivi inauma namna hii kila siku, Mwalimu?" Shangazi akamuuliza.

"Kila siku."

"Ungeniambia mapema!"

"Ningekuambia, ungejiandikisha?"

Shangazi akafuta machozi kwa kiganja. Nje, Bosi alikuwa amevua kiatu kimoja, anakikung'uta mchanga, anakigombeza.

"Ningejiandikisha," akasema kwa hasira. "Lakini ungeniambia."